Mama Msonyo na Tovuti Iliyovaa Suti

Huyu mama ana jina lake zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini ofisini hakuna anayelitumia. Wanamwita Mama Msonyo, na hata yeye mwenyewe akiwapigia simu wateja wa zamani hujitambulisha hivyo, maana akitaja jina la kwenye kitambulisho wanamuuliza, wewe nani? Anasonya akiwasha kompyuta, anasonya akiizima, na hapo katikati ukikaa naye chumba kimoja utadhani kuna tairi linavuja upepo taratibu. Usimlaumu. Ungekuwa wewe umekaa miaka yote hiyo unatunza tovuti za watu, ungekuwa ulishaacha kusonya ukaanza kutema mate.

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Unapanda kwa ngazi ya chuma, na harufu ya oili inapanda nyuma yako mpaka inaingia kwenye chai. Humo ndani Bosi ana kampuni yake ndogo ya kuhifadhi tovuti: ya shule ya udereva, ya nyumba ya wageni, ya fundi makabati, ya wauza matairi, na ya maabara moja ya kupima damu na mkojo, ambayo ndiyo iliyoleta maneno haya yote. Wateja wanalipa, Bosi anaziweka tovuti zao kwenye seva, na Mama Msonyo anahakikisha hazilali. Ikilala moja anaiamsha, na asubuhi inayofuata inalala nyingine.

Tovuti nyingi za namna hiyo zimeandikwa kwa PHP, ambayo ni lugha ya kuandikia programu. Na lugha hiyo, kama lugha yoyote iliyo hai, haikai palepale. Linatoka toleo jipya, la zamani linaendelea kuangaliwa kwa muda, tundu likionekana linazibwa, halafu siku inafika wenye lugha wanasema basi, hilo hatuligusi tena, hameni. Ukibaki humo, tundu likitokea ni lako wewe na wezi wako. Na kuhama si kubonyeza kitufe ukaenda kunywa chai. Kuna maneno ambayo toleo la tano lilikuwa linayaelewa vizuri, matoleo ya baadaye yakayafuta kabisa. Tovuti iliyojaa maneno hayo ukiiweka kwenye toleo la nane inakutolea ukurasa mweupe, hakuna herufi hata moja. Lazima mtu akae chini, asome mstari kwa mstari, aandike upya palipooza.

Sasa waambie hivyo wenye tovuti uone.

"Si inafunguka?" Hilo ndilo jibu lao, wote, kana kwamba walifundishwa darasa moja. Mwenye nyumba ya wageni, bwana msafi, anayenyoosha kola ya shati kabla ya kushika simu, gari lake analibadilisha oili kabla hata siku haijafika. Lakini tovuti yenye majina na namba za simu za kila aliyewahi kulala kwake, pamoja na aliyelala naye, ameiacha kwenye toleo lililokwisha kuzikwa. Ukimwambia tuhame anakuuliza, "Si inafunguka? Sasa shida iko wapi?" Ukimuuliza aliyemwandikia yuko wapi, anasema, "Ni mpwa wangu. Alisafiri." Kila mwenye tovuti ana mpwa aliyemwandikia tovuti kisha akasafiri. Mama Msonyo anasema iko nchi mahali fulani imejaa wapwa watupu, wamekaa barazani wanakunywa soda, simu zinaita na hakuna anayepokea.

Mwenye shule ya udereva ndiye aliyemmaliza kabisa. Tovuti yake ilianza kuonyesha mistari ya maonyo juu ya ukurasa, maana lugha inapoona kitu kinakaribia kuvunjika huwa inasema. Yule mwalimu akapanda ngazi ya chuma anahema.

"Mama, yaondoe haya maandishi. Yananitia aibu."

"Haya ni maonyo, mwalimu. Unaambiwa kuna mahali patavunjika."

"Mimi nionywe kwa kosa gani? Yaondoe tu."

Mtu huyo kazi yake mchana kutwa ni kufundisha watu kutii alama za barabarani. Mama Msonyo alisonya msonyo mrefu mpaka mwalimu akamuuliza kama anaumwa jino.

Na Bosi naye, kwa kuwa mteja ni mfalme na yeye ni Bosi wa kuogopa wafalme, akabuni dawa yake. Palepale ofisini ikazuka desturi chafu, wakaipa jina la kuvalisha suti. Mteja akiulizwa na benki au na mshirika wake wa biashara kama tovuti yake iko kwenye toleo linaloangaliwa, Bosi anafunga mlango wa chumba chake, anazima maonyo yote yasionekane, halafu anabadilisha ile namba ambayo tovuti inaitaja ikiulizwa toleo. Inasema nane. Ndani bado ni tano, ileile, na matundu yake. Ni sawa na mwenye duka anayekwangua tarehe kwenye kopo la maziwa akabandika nyingine, mtoto akanywa. Bosi akimaliza anafungua mlango anapangusa mikono na kusema, "Imevaa suti, iende harusini." Watu wanacheka. Mama Msonyo alikuwa hacheki, lakini wala hakuwa akisema kitu. Alikuwa na kodi ya nyumba, na umri wake si wa kupeleka barua za kuomba kazi mlango kwa mlango. Funika kombe mwanaharamu apite. Anasonya, anageukia dirishani, siku inakwisha.

Nyumbani anaishi na binti yake, mtoto wake wa pekee, mpishi katika shule ya bweni. Ni binti mwenye mikono myepesi na maneno machache, anaondoka alfajiri na koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Kupika hakumchoshi. Wanafunzi wanampenda, na mwalimu mkuu amekwisha kumwahidi kwamba mpishi mkuu akistaafu, jiko ni lake.

Miaka miwili nyuma binti huyo alichoka uchovu usioeleweka. Mama yake akampeleka kupimwa damu kwenye ile maabara yenye tovuti, ambayo ni ya mdogo wake, mjomba wa binti, kwa sababu mtu ana ndugu mwenye maabara halafu aende kwingine kutafuta nini? Walipewa namba, wakaambiwa majibu yatasomeka kwenye simu; mpimaji naye huona namba kwenye chupa, si jina. Wakayasoma wawili tu, chumbani, mlango umefungwa. Homa ya ini, ile aina ya B. Daktari wa hospitali waliyokwenda baadaye aliwaeleza kwa utulivu: itafuatiliwa, ikihitaji dawa dawa ipo, haiambukizwi kwa chakula, haiambukizwi kwa sahani wala kikombe, afanye kazi yake bila hofu. Lakini daktari ni mmoja na wazazi wa wanafunzi ni wengi. Wazazi wakisikia neno "ini" na neno "mpishi" yamekaa pamoja, nani atasubiri maelezo? Binti alimshika mama yake mkono akasema, "Mama, hili lisitoke humu chumbani."

Halikutoka. Mama Msonyo hakumwambia jirani, hakumwambia dada wa kanisani, hakumwambia hata mdogo wake mwenye maabara. Mdogo wake asingekuwa tatizo, ila ana mke, na wifi huyo ukimpa siri ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Basi, asubuhi moja mdogo wake akapiga simu ofisini. Kampuni moja ya bima inataka kuwaleta wanachama wake wote wapimwe kwenye maabara yake. Ila kwanza, siku hiyohiyo, watamtuma mkaguzi aangalie ile tovuti ya majibu, ajue iko kwenye toleo gani, majibu ya watu yanatunzwaje. Bosi alipokea habari hiyo kwa furaha ya mtu aliyeokota pochi. Akasema, "Hiyo tunaivalisha suti na tai."

"Ngoja niijaribu kwanza kwenye toleo la nane," akasema Mama Msonyo. "Kihalali."

"Ya nini kujichosha?"

"Ni ya mdogo wangu."

Bosi akainua mabega akamwachia. Mama Msonyo akatengeneza nakala ya tovuti pembeni, isiyoonekana na wagonjwa, akaiweka kwenye toleo jipya. Ukurasa mweupe. Hilo alilitarajia. Akafungua maandishi ya ndani ili aone palipooza, na humo ndani, jamani, palikuwa na uvundo. Aliyeiandika alikuwa mpwa wa wifi, naye alishasafiri kama kawaida yao. Maneno yaliyofutwa kila mstari, neno la siri la kufungulia ghala lote la majibu limeandikwa wazi katikati ya ukurasa, na chini yake mzaha wa kitoto kuhusu wagonjwa wa mkojo, ambao hata mimi sitaurudia. Akaendelea kusoma. Alipofika kwenye ukurasa wa majibu akasimama.

Ukurasa ule ulikuwa hauulizi wewe ni nani. Ulikuwa unachukua namba iliyo mwishoni mwa anwani juu ya kioo, unaenda ghalani, unaleta majibu ya namba hiyo. Basi. Mwenye namba yake anasoma yake. Na akibadilisha tarakimu moja anasoma ya jirani.

Hakutaka kuamini. Akafungua tovuti yenyewe, ile ya wazi, inayofunguka kwa kila mwenye simu. Akaandika namba ya kubuni. Likatokea jina la mzee fulani na kilichokuwemo kwenye mkojo wake. Akabadilisha tarakimu, akatokea mama mjamzito, na jibu ambalo mama huyo hakika asingependa lisomwe juu ya duka la vipuri. Namba ya binti yake alikuwa anaikumbuka, kwa sababu mambo kama hayo hayasahauliki ukitaka usitake. Akaiandika. Jina kamili la mwanawe, umri, tarehe, na jibu kwa herufi nzito.

Nyuma yake Bosi alikuwa anaimba puani. Chai kwenye kikombe ilikuwa imeshapoa, juu imefanya utando wa mafuta. Mama Msonyo alifunga ukurasa, akatembea haraka mpaka chooni, akafungulia maji.

Alipokuwa ananawa uso aliyapima mambo kama yalivyo. Tundu lile halikuletwa na toleo la tano, lililetwa na uvivu wa aliyeandika. Ila kuhama toleo kungelazimisha ukurasa ule uandikwe upya, na kuuandika upya ndiyo nafasi ya kuuwekea kufuli. Wala kufuli halikuweza kuwekwa kimyakimya: kila mgonjwa angehitaji kupewa neno lake la siri pale mapokezi, na mapokezi si yake yeye, ni ya mdogo wake. Akiufunga ukurasa bila ruhusa, wagonjwa watapiga simu maabara, maabara itampigia Bosi, na Bosi ataufungua kabla chai haijachemka. Kwa hiyo lazima mdogo wake akubali. Na ikivalishwa suti leo, bima italeta watu kwa mabasi, na hapo tena nani atakayegusa kitu kinacholeta neema? Jina la mtoto wake litakaa pale, wazi, mpaka mzazi mmoja wa mwanafunzi mmoja akosee kuandika namba yake.

Hakumuaga Bosi. Alishuka ngazi ya chuma akaenda.

Maabara ilikuwa inang'aa. Vigae vyeupe, viti vya plastiki vimepangwa mstari, harufu ya spiriti, na ukutani maandishi makubwa yanayosema siri ya mgonjwa ni amana. Mama Msonyo aliyasoma akasonya mpaka watu waliokaa kwenye viti wakageuka. Msichana wa mapokezi akampeleka ofisini.

"Dada, shikamoo, karibu, kaa," mdogo wake akasimama. Adabu anayo, hilo tumpe haki yake. "Umekuja mwenyewe? Afadhali. Mkaguzi yuko njiani. Bosi wako ameniambia mtabadilisha ile namba, kila kitu sawa."

"Marahaba. Hakuna kilicho sawa. Tovuti yako lazima iandikwe upya."

"Tutaandika, dada. Mkataba ukishasainiwa."

"Kabla."

Akamweleza polepole, kama unavyomweleza mtu unayempenda. Namba, anwani, majibu. Mtu yeyote, popote alipo, bila ufundi wowote.

Mdogo wake akacheka kidogo. "Sasa nani atakaa abadilishe namba za watu? Watu wana kazi zao."

"Mimi nimekaa nikabadilisha leo."

"Wewe ni fundi."

"Ufundi gani? Nimefuta tatu nikaandika nne."

"Dada, sikiliza. Wagonjwa wangu nusu ni wazee. Nikianza kuwapa neno la siri, watalisahau getini. Na ukiihamisha ikavunjika? Ukurasa mweupe, leo, mbele ya bima? Mimi nimehangaika na watu hawa mwaka mzima." Akashusha sauti. "Waonyeshe namba nane tu. Nifanyie hilo. Mimi ni mdogo wako."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuna watu wakiuona ufa wanatundika picha juu yake. Mama Msonyo alimtazama mtoto huyu aliyembeba mgongoni, aliyemfuta kamasi kwa kanga yake, na kwa mara ya kwanza akaona kinyaa kinampanda dhidi ya damu yake mwenyewe. Akakimeza. Alikuwa amebakiwa na neno moja tu la kumgeuza mtu huyu, na neno hilo halikuwa lake, lilikuwa la binti yake. Akajiambia, bora mtu mmoja ajue leo kuliko dunia nzima kesho. Akajiambia, ni mjomba wake, akijua ni damu yake ataamka. Mficha uchi hazai.

"Mpwa wako yumo humo," akasema. "Alipimwa hapa kwako. Ana homa ya ini. Hakuna anayejua ila mimi na yeye na daktari wake, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kulisoma sasa hivi. Nakuomba, mdogo wangu. Kwa ajili ya mtoto."

Akasubiri mdogo wake ashtuke. Mdogo wake hakushtuka. Alinyoosha kalamu iliyokuwa imelala upande mezani, akaipanga sambamba na kalamu nyingine.

"Hilo tunalijua, dada."

"Mnalijua akina nani?"

"Mimi na wifi yako. Zamani, hata mwaka juzi. Alikuwa anaangalia majibu yake mwenyewe kwenye simu, akakosea tarakimu ya mwisho, likatokea jina la mtoto. Walipimwa siku moja, unajua, namba zilifuatana. Tukasema tunyamaze, haya ni mambo ya familia. Hatukutaka kukuumiza." Akaona uso wa dada yake, akaongeza haraka, "Na hatujamwambia mtu, haki ya Mungu. Wifi yako amejitahidi sana."

Amejitahidi. Hapo ndipo kikombe kilipomjia Mama Msonyo akilini. Kila wakienda kula kwa mdogo wake, vinywaji vinakuja kwenye glasi, zote za seti moja, ila binti yake analetewa kikombe cha plastiki cha bluu. Kila mara kilekile. Na sahani ya bati peke yake. Na binti akiinuka kwenda jikoni kusaidia, wifi anamshika bega kwa ncha za vidole: kaa mwanangu, pumzika, wewe unapika kila siku. Mama Msonyo alikuwa amemsifia wifi kwa hilo. Aliwaambia majirani, nina wifi mimi, anamwonea huruma mtoto wangu kuliko mimi niliyemzaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo alikuwa anaivaa sikukuu.

"Kwa hiyo ulijua mlango uko wazi," akasema. "Mkeo aliufungua kwa bahati mbaya tu, akiwa amekaa kitandani kwake. Ulijua mwanangu yumo ndani. Umeuacha wazi mpaka leo. Na asubuhi hii umempigia Bosi mbadilishe namba."

"Dada, taratibu, mkaguzi..."

Mkaguzi alikuwa mlangoni. Mtu mpole, wa makamo, na kompyuta yake kwapani. Alisalimia, akapewa kiti, akakataa soda. Mdogo wake alibadilika sura kama aliyefungua pazia, tabasamu likajaa meno.

"Huyu ndiye fundi wetu wa tovuti, tena ni dada yangu wa damu," akasema. "Mambo yote ya toleo atakuthibitishia yeye. Tuko la nane, sivyo dada?"

Mkaguzi akamgeukia Mama Msonyo, kalamu tayari.

"La tano," akasema Mama Msonyo. "Hata waliolitengeneza walishaacha kuliangalia. Ukiona imeandikwa nane, ujue imevalishwa. Na ukibadilisha namba ya mwisho kwenye anwani pale juu, unasoma majibu ya mgonjwa mwingine. Usijaribu, tafadhali. Ni mambo ya watu. Niamini tu."

Mkaguzi alimtazama mwenye maabara, akatazama kompyuta, akaweka kalamu mfukoni. Hakupandisha sauti. Alisema kampuni yake haiwezi kumleta mwanachama hata mmoja mahali hapa, na kwamba angekuwa yeye, ukurasa huo usingelala wazi mpaka jioni. Kisha akaaga kwa heshima, akaondoka.

"Ufunge," Mama Msonyo akamwambia mdogo wake. "Au nifunge mimi, mbele yako, sasa hivi."

Mdogo wake aliutazama mlango ambao mkaguzi ametokea. Alikuwa amekaa, mikono imelala juu ya meza, na kalamu zake zimepangwa. Mama Msonyo akavuta kompyuta upande wake, akaingia kwenye seva, akaufunga ukurasa wa majibu. Akaandika hapo kwamba majibu yatachukuliwa mapokezi kwa mkono, mpaka itakapotangazwa tena. Alipiga simu kwa Bosi palepale, akamwambia kwamba akithubutu kuufungua, mkaguzi wa bima anayo namba ya ofisi na hadithi nzima ya suti anaweza kupewa pia. Bosi akasema nadhani hufai tena hapa kwangu. Akamjibu kwamba hata yeye anadhani hivyo.

"Umeniua, dada," mdogo wake akasema alipomwona anachukua mkoba. "Ndugu yako wa tumbo moja. Kwa ajili ya kitu ambacho hakuna hata mtu mmoja wa nje alikisoma."

Angekuwa ni mteja mwingine angemsonya. Huyu hakumsonya. Kuna uchafu ambao hata kuusonya ni kuuheshimu. Alipita kwenye vigae vyeupe, chini ya maandishi ya amana, akatoka.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anaona kikombe cha bluu. Alihesabu vidole vya wifi juu ya bega la mwanawe na ngozi yake ikamsisimka kwa kinyaa, na juu ya kinyaa hicho ikakaa aibu, kwa sababu kuna neno alilokuwa ameahidi halitatoka chumbani, naye leo amelitoa kwa mdomo wake. Kwamba walikuwa wanajua tayari hakukumsafisha. Yeye hakujua kwamba wanajua alipolisema.

Binti alikuwa amerudi mapema, anapiga pasi koti lake la kesho kwenye meza ya kulia chakula. Mama Msonyo aliketi bila kuvua viatu. Akamweleza yote, tangu ukurasa mweupe mpaka mkaguzi, bila kuruka lile la kwake.

"Nimemwambia mjomba wako," akasema. "Nilidhani nitamgeuza. Nimelitoa nje ya chumba, mwanangu, na nilikuahidi. Kumbe wao walishajua. Wifi yangu aliliona kwenye simu. Tangu mwaka juzi wanajua."

Binti hakuacha kupiga pasi. Alinyunyiza maji kwenye kola, pasi ikalia.

"Najua wanajua," akasema. "Kile kikombe, mama. Sahani. Mimi ni mpishi, naona vyombo."

"Ulijua? Siku zote hizo tunakwenda pale, unakaa, unakunywa, na unajua?"

"Tangu kilipowekwa mbele yangu mara ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

Hapo binti ndipo alipoinua macho. Hakuwa na hasira. Alimtazama mama yake kama mtu anayeuliza kitu alichokwisha kukijibu mwenyewe siku nyingi.

"Ningekwambia nini? Ukimtoa daktari, waliokuwa wanajua ni wawili tu, mimi na wewe. Nilijua ni wewe uliyewaambia."

Mama Msonyo akainama, akavua viatu vyake kimoja kimoja. Hakusonya.

"Nililia kidogo wakati ule," binti akasema. "Halafu nikasema, mama naye ni mtu, alilemewa. Nilishakusamehe zamani." Akageuza koti upande wa pili, akaendelea kupiga pasi.